Swift Sport, Golf GTI au WRX S4: kuchagua gari la tabo la kutumia Malindi

Anayetafuta gari la kasi kwa bei ya kadiri siku hizi hukutana na injini ya namna moja karibu kila anapogeuka: ndogo, ina tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), na nozeli zake hupuliza petroli ndani ya silinda moja kwa moja badala ya kuipuliza kwenye njia ya hewa nyuma ya valvu. Yanayolinganishwa hapa ni magari matatu yenye injini hiyo ambayo mnunuzi wa Malindi anaweza kuyaagiza Japani, au kuyapata Mombasa na Nairobi yakiwa tayari na namba za Kenya: Suzuki Swift Sport (ZC33S), Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha saba, na Subaru WRX S4 (VAG).

Jibu letu tunalitoa mapema. Kwa mtu wa kawaida anayeishi na kufanya kazi kati ya Malindi na Watamu, Swift Sport ndiyo. Golf GTI inamfaa anayekwenda Mombasa mara kwa mara na yuko radhi kubadilisha vifaa kabla havijaharibika. WRX S4 ina nguvu kuliko zote, lakini inunuliwe na mwenye akiba ya matengenezo, tena baada ya kuipima kwa kompyuta na si kwa macho. Sababu ni joto, chumvi ya bahari, matuta, na ukweli kwamba spea nyingi za magari haya zinafuatwa Mombasa, kilomita kama 120, au zinasubiriwa kutoka Nairobi.

Nguvu na uzito

Swift ina injini ya lita 1.4 iitwayo K14C, PS 140 (nguvu za farasi) na torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 230 kati ya mizunguko 2500 na 3500 kwa dakika. Ajabu yake ni uzito: kilo 970 kwa gia za mkono, 990 kwa otomatiki. Golf hutumia EA888 ya lita 2.0, PS 220 katika matoleo ya mwanzo na 230 katika yale yaliyofanyiwa marekebisho mwaka 2017, torki Nm 350 kuanzia mizunguko 1500 tu, kwa uzito wa karibu kilo 1,390. S4 ina FA20 ya pistoni zilizolala, lita 2.0, PS 300, Nm 400 kati ya 2000 na 4800, inavuta kwa magurudumu yote manne na ina kilo 1,540 hivi.

Ukigawa, kila PS ya Swift hubeba kilo 7, ya Golf kilo 6 na kidogo, ya S4 kilo 5. Tofauti ipo, ila si kubwa kama nguvu peke yake inavyodai. Na barabara ya Malindi hadi Kilifi, yenye matuta Gede na kwingineko, humpa nafasi zaidi dereva wa gari jepesi linaloondoka haraka toka kwenye tuta kuliko wa gari zito linalohitaji barabara ndefu kabla ya kujitanua.

Upande wa ushuru pia, injini isiyozidi cc 1500 hutozwa ushuru wa bidhaa wa kiwango cha chini kuliko iliyozidi hapo, kwa hiyo Swift inafika na nafuu ambayo Golf na S4 hazina. Kumbuka tena sheria inayozuia kuingiza nchini gari lililozidi miaka minane tangu usajili wa kwanza: GTI ya mwanzo na S4 ya 2014 utazipata tu kwa mtu aliyekwisha kuziingiza nchini.

Kinachoharibika, na kwa nini

Petroli ikipulizwa ndani ya silinda hupoza hewa iliyobanwa, ndiyo maana mtengenezaji huweza kuweka tabo na bado akabakiza mbano mkubwa. FA20 ina 10.6 kwa 1, kiwango ambacho injini za tabo za zamani hazikukithubutu. Faida hiyo ina gharama zake.

Ya kwanza ni masizi kwenye valvu za kuingiza hewa. Katika injini ya kawaida petroli hupita juu ya valvu na kuziosha. Hapa haipiti. Mvuke wa oili unaorudishwa kutoka chini ya injini kupitia valvu ya PCV hugandamana juu ya valvu zenye moto, tabaka juu ya tabaka, hadi njia ya hewa inakuwa finyu. Dalili ni injini kutetemeka asubuhi ikiwa baridi, misimbo ya hitilafu ya P0300 hadi P0304 kwenye kompyuta, na gari kuchoka mizunguko inapopanda. Dawa za kumwaga kwenye tangi haziwezi kusaidia kwa sababu petroli haifiki kwenye valvu hizo. Anayekuuzia chupa kwa ahadi hiyo anakupotezea pesa.

Swift na S4 zote mbili hupuliza ndani ya silinda tu. Golf ni habari nyingine: EA888 ya kizazi cha tatu ilitengenezwa kwa namna mbili, masoko mengine yakipewa nozeli za ziada kwenye njia ya hewa na mengine yasipewe. Usimwamini muuzaji, toa kifuniko cha plastiki na uangalie manifoldi ya hewa: ukiona reli ya pili ya petroli yenye nozeli nne, hiyo ndiyo yenye mifumo miwili, na valvu zake hubaki safi muda mrefu zaidi. (Toyota 86, isiyo na tabo, nayo ina mifumo miwili. Asiyetaka kusikia habari za masizi aifikirie.)

Kazi ya kusafisha huhitajika kati ya kilomita 80,000 na 100,000. Fundi huvua manifoldi, huzungusha injini mpaka valvu za silinda moja zifunge kabisa, kisha hurusha unga wa maganda ya jozi kwa upepo huku mashine ikiuvuta nje. Pasipo mashine hiyo, dawa ya kulainisha masizi humwagwa juu ya valvu zilizofungwa, huachwa dakika 20 hadi 30, husuguliwa kwa brashi ya nailoni na kunyonywa yote. Neno "yote" ndilo la kusimamia. Dawa ikibaki na valvu ikafunguka, maji yake huingia silinda. Pistoni haiwezi kuyabana na fimbo yake hupinda. Mchanga usikaribie kazi hii hata kidogo, na gasketi za manifoldi ziwe mpya. Kwenye S4 intakula (kipoza hewa ya tabo) iko juu ya injini, lazima itoke kwanza.

Ya pili ni mlipuko wa kabla ya wakati kwenye mizunguko ya chini. Tone la oili lililochanganyika na petroli huwaka lenyewe kabla plagi haijatoa cheche, na mshindo wake unaweza kuvunja pistoni kwenye mifereji ya ringi kwa mara moja. Hutokea unapokanyaga mafuta hadi chini huku injini ikiwa 1500 au 2000: umefuata lori nyuma ya Msabaha ukiwa gia ya sita, nafasi ikatokea, ukakanyaga bila kushusha gia. Mwenye Swift ya gia za mkono ndiye aliye hatarini zaidi kwa sababu hana kompyuta ya kumshushia gia. Ashuke hadi ya nne au ya tatu, sindano ipite 2500, ndipo akanyage.

Oili nayo ina sehemu yake katika hili. Oili zenye kalsiamu nyingi huchochea mlipuko huo, ndiyo sababu API, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya oili, ilileta daraja la SN Plus mwaka 2018 na SP mwaka 2020, ambazo hupimwa mahsusi kwa tatizo hili. Angalia maandishi ya SP nyuma ya kopo. Swift na S4 hutumia 5W-30. Golf hapa kwetu iwekewe 5W-40 yenye kibali cha VW 502 00. Kiasi: S4 lita 5.1, Golf lita 5.7, Swift haifiki lita tatu na nusu. Uchache huo wa Swift si nafuu tu, ni onyo pia: oili kidogo huchafuka upesi, kwa hiyo kilomita 5,000 zisipitishwe. Tunapendekeza muda huohuo kwa zote tatu, hata kama kitabu cha Ulaya kinasema Golf iende mbali zaidi, maana kitabu hicho hakikuandikwa kwa ajili ya jua la kaskazi.

Ya tatu ni pampu ya presha kubwa, inayozungushwa na kamshafti (shafti inayofungua valvu) na kusukuma petroli hadi kiasi cha bar 200 kwenye Golf. Inalainishwa na petroli yenyewe, hivyo maji na uchafu huila. Jaza kituo chenye wateja wengi, usisubiri taa ya tangi kuwaka, na petroli ya kwenye madumu usiitie. Fundi asifungue paipu za presha injini ikiwa imezimwa sasa hivi. Presha hubaki ndani na mchirizi wake hupenya ngozi.

Kwa mwenye kuvutiwa na bei ya GTI ya kizazi cha tano: injini yake ni ya ukoo mwingine, EA113, na pampu yake husukumwa na kikombe kidogo bapa kinachosuguana na kamshafti hadi kutoboka. Kikitoboka, kamshafti yenyewe huharibika. EA888 ina kifuasi chenye rola na haina ugonjwa huo.

Petroli na programu za kuongeza nguvu

Japani magari yote matatu hupangiwa petroli ya oktani kubwa, ambayo kwa kiwango chao huanzia RON 96 (RON ni kipimo cha oktani). Swift na Golf ziliuzwa Ulaya kwa RON 95, hivyo zinavumilia. S4 inavumilia kwa shida zaidi. Injini ikianza kugonga, yaani petroli ikilipuka yenyewe ndani ya silinda, sensa husikia na kompyuta huchelewesha cheche. Dereva huona gari limepungukiwa nguvu tu. Hatari kubwa ni S4 iliyoongezwa nguvu kule Japani kwa programu iliyotengenezwa kwa petroli yao. Inafika Mombasa, inajazwa ya huku, inagonga kwenye torki kubwa, na mifereji ya ringi inapasuka. Gari la namna hiyo lirudishiwe programu ya kiwandani kabla halijatoka bandarini, au liachwe.

Giaboksi

Swift: gia sita za mkono, au otomatiki ya kawaida ya gia sita. Zote ni imara na fundi yeyote mzuri wa Malindi anazielewa. Hapa Swift inashinda bila mjadala.

Golf: GTI ya kawaida ina DSG, otomatiki ya Volkswagen, ya gia sita (DQ250), yenye klachi mbili zinazooga oili. Toleo la Performance la PS 245 lina gia saba, nayo ni ya klachi zenye oili. Usizichanganye na DSG ya gia saba ya klachi kavu, DQ200, iliyo kwenye Golf za 1.4. Mwaka 2013 Volkswagen ilitangaza kubadilisha oili ya sintetiki kwa oili ya madini katika magari kama milioni 1.6 yenye giaboksi hiyo, kwa sababu hali ya joto na unyevu ilikuwa ikileta hitilafu ya umeme ndani yake. Joto na unyevu ndiyo Malindi yenyewe. Golf ya 1.4 yenye klachi kavu, hata iwe na bei nzuri vipi, hatuishauri kwa mtu wa pwani.

DQ250 hubadilishwa oili na filta kila kilomita 60,000, na kazi hii huharibiwa mara nyingi na watu wenye haraka. Fungua nati ya chini, ndani yake kuna kijibomba cha plastiki kinachopima kiwango. Kitoe pia, la sivyo oili chafu nyingi hubaki. Rudisha kijibomba, tia lita 5.2 hadi 5.5 za oili ya DSG, washa injini, pitisha P, R, N, D polepole, kisha soma joto la oili kwa kompyuta. Likiwa kati ya nyuzi 35 na 45, injini ikiunguruma, fungua nati na uache ziada idondoke. Ifanye alfajiri. Adhuhuri ya Februari oili ikiwa kwenye kopo tu imeshakaribia nyuzi hizo, na ukichelewa kidogo inapita 45. Oili ikitanuka kwa joto utamwaga nyingi mno na giaboksi itabaki na njaa.

S4 haikuwahi kuuzwa na gia za mkono. Zote ni CVT (otomatiki isiyo na hatua za gia) ya cheni iitwayo Lineartronic. Inahimili Nm 400, ila inataka oili yake ya aina ya HT na si oili ya CVT ya Subaru ndogo. Ikipata joto katika foleni ya Mtwapa kisha ikaendeshwa kwa fujo, hujilinda kwa kupunguza nguvu. Badilisha oili kila 40,000 hadi 50,000 hata muuzaji akikwambia ni ya maisha.

Chumvi, maji na barabara

Golf ina udhaifu mmoja ambao kila mnunuzi aujue: pampu ya maji na nyumba ya themostati ni kitu kimoja cha plastiki, kimejificha chini ya manifoldi, na huvuja. Kulanti hupungua kidogo kidogo, huacha ukoko wa waridi au zambarau juu ya giaboksi, na kuna harufu tamu ukizima gari. Usibadilishe gasketi peke yake. Weka kifaa kizima pamoja na mkanda wake mdogo, kwa sababu kazi ya kukifikia ni ileile. Kisha jaza kulanti ya G12evo, isipungue asilimia 40. Watu husema huku hakuna barafu, maji yanatosha. Kulanti huku kazi yake ni kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Maji ya kisima ya mji huu yana chumvi, na ukiyatia kwenye rejeta yoyote kati ya hizi tatu aluminiamu italiwa kutoka ndani. Maji ya kuchanganyia yawe yaliyochujwa, ya betri.

Upepo wa bahari hula mapezi ya intakula. Ya Golf na Swift iko mbele, ya S4 iko juu chini ya tundu la boneti. Gari linalolala Casuarina au Silversands lioshwe mbele kwa maji matamu ya hozi kila wiki, bila mashine ya presha, maana hupinda mapezi. Plagi za waya za koili zipakwe grisi ya silikoni kabla hazijaota kijani. Intakula ya juu ya S4 hupata joto la injini ukisimama. Mara tatu za kwanza za kukanyaga baada ya foleni hutapata PS 300.

Swift ina nafasi ya milimita 120 tu chini yake, S4 135. Matuta mengi yanapitika kwa mshazari, polepole, lakini bampa la mbele la Swift litaguswa. Tairi zake 195/45R17 ni nyembamba ubavuni. Shimo moja la msimu wa masika hupinda rimu. S4 ina sharti la ziada: tairi zote nne zilingane uchakavu, kwani zikitofautiana, mfumo wa magurudumu manne hufanya kazi bila kupumzika. Tairi moja ikipasuka huenda ukanunua nne. Na anayeendesha hadi Mokowe akaliacha gari wiki kadhaa kwenda Lamu atoe waya hasi wa betri na asivute breki ya mkono ya waya. Diski hushika kutu na pedi kugandia.

Kabla ya kulipa

Fika injini ikiwa baridi, shika boneti kuhakikisha. Mwenye gari akiwa ameshaiwasha, rudi kesho yake. Sikiliza sekunde za kwanza: cheni isikwaruze. Vuta kijiti cha oili na ukinuse. Harufu kali ya petroli na kiwango kilichopita alama ya juu ni safari fupi nyingi au nozeli inayovuja. Acha iungurume dakika tano kisha kanyaga ghafla, mtu asimame nyuma: moshi wa buluu ni sili za tabo au za valvu.

Unganisha kompyuta. Kwenye Golf soma hesabu ya silinda zinazokosa moto na joto la oili ya DSG. Kwenye S4 soma thamani ya DAM, kipimo cha kiasi ambacho kompyuta imeruhusu cheche iwahi, iwe 1.0. Ikiwa chini ya hapo injini imekuwa ikigonga, na maelezo ya mwenyewe hayatabadilisha hilo. Kwenye zote tatu linganisha presha ya reli inayotakiwa na inayopatikana, kwanza injini ikiunguruma, kisha barabarani gia ya tatu ukikanyaga hadi chini kutoka 2500. Presha ikishuka wakati huo, pampu au filta ya ndani ya tangi imechoka.

Mwisho iendeshe nusu saa, izime, subiri dakika kumi juani, iwashe tena. Nozeli inayovuja hujaza silinda petroli wakati huo, na injini huchukua mizunguko mingi ya stata kabla ya kushika.